Kuonja Bia Kali Iliyolala Miaka: Mwongozo kwa Mwenye Chupa Nairobi

Msimu mzuri wa kufungua bia za zamani Nairobi ni Juni hadi Agosti. Miezi hiyo mawingu hayaondoki na watu wanatembea na makoti, kwa hiyo sebule nyingi jioni hufika nyuzi 17 au 18 zenyewe. Bia nzito yenye kileo cha asilimia 10 au 12 huonjeka vizuri zaidi ikiwa kati ya nyuzi 12 na 15. Chupa inahitaji friji kidogo tu, na ikishamiminwa haikimbilii joto. Ukifungua chupa hiyo hiyo Februari, ukuta ukiwa umechomwa na jua mchana kutwa, basi kabla hamjakubaliana mezani inanukia nini, kileo kimeshapanda puani na kufunika mengine yote.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana chupa. Labda ni zawadi ya shemeji aliyerudi kutoka Ubelgiji, labda uliinunua mwenyewe duka la mvinyo Westlands ukaisahau nyuma ya masufuria. Kabla ya hatua zenyewe, nikwambie msimamo wangu: mwaka ulioandikwa kwenye lebo hautoshi kukuambia bia imezeeka kiasi gani. Joto ililopitia ndilo linaloamua. Chupa ya miaka mitatu iliyokaa kwenye stoo ya bati inaweza kuwa mzee kuliko ya miaka kumi iliyotunzwa vizuri, na ukishalielewa hilo, kuonja kwenyewe kunakuwa kazi ya kutafuta ushahidi.

Hakikisha ni bia ya kulazwa

Kulaza hapa ni kuiweka bia miaka ikomae. Bia nyingi hazikutengenezwa zingoje. Tusker ina kileo cha asilimia 4.2 na uzuri wake wote uko katika kunywewa mapema. Iweke miaka mitatu uone kama utapata zaidi ya ladha ya kadibodi. Hata zile IPA za krafti, bia chungu za viwanda vidogo zenye harufu ya maua na maembe, hazifai kuwekwa, kwa sababu harufu ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, ndiyo ya kwanza kuondoka, mara nyingi ndani ya miezi michache. Jambo hili si geni kwetu. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, na wa kesho yake unaelekea kwenye siki. Muratina na busaa navyo ni vinywaji vya siku yake.

Kinachoiwezesha bia kuvuka miaka ni mambo kadhaa yanayosaidiana. Kuna kileo kingi, kwa kawaida kuanzia asilimia 8 kwenda juu. Kuna kimea kingi kilichoacha utamu na rangi nzito. Kuna hamira hai iliyobaki chupani, ambayo hula ile oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kuziba. Na kuna asidi, ambayo inaweza kufanya kazi hata kileo kikiwa kidogo: bia chachu za Cantillon, kiwanda cha Brussels kilichoanza mwaka 1900, zina asilimia 5 au 6 tu na bado huishi miaka mingi.

Kwa hiyo ukiona barliwaini kwenye lebo, yaani bia ya shayiri yenye nguvu inayokaribia ya divai, hiyo ni ya kulazwa. Stauti za imperial pia, yaani bia nyeusi za kimea kilichokaangwa zenye kileo kingi, na bia nyeusi nzito za watawa wa Ubelgiji. Majina utakayokutana nayo ni kama Sierra Nevada Bigfoot ya Marekani, asilimia 9.6, inayotengenezwa tangu 1983. Fuller's Vintage Ale ya London, asilimia 8.5, inayotoka kila mwaka tangu 1997. Rochefort 10 yenye asilimia 11.3, Westvleteren 12 yenye 10.2, na Chimay ya lebo ya buluu yenye 9. Samichlaus, yenye asilimia 14, hutengenezwa siku moja tu ya mwaka, tarehe 6 Desemba. Thomas Hardy's Ale, iliyotengenezwa mara ya kwanza Dorchester mwaka 1968, ilitoka na ahadi kwenye lebo kwamba inaweza kukomaa hadi miaka 25. Kwa bia za krafti za hapa kwetu, muulize mtengenezaji moja kwa moja kama chupa ile ni ya kuwekwa. Nyingi zinauzwa zinywewe zikiwa mpya, na hakuna aibu katika hilo.

Ichunguze chupa kabla ya kugusa opena

Hapa ndipo watu wanapoharakisha, na hapa ndipo pana habari nyingi kuliko kwenye glasi.

Anza na safari. Bia ya Ulaya iliyokuja kwa meli ilikaa ndani ya kontena, ikateremshwa Mombasa ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima, kisha ikapanda bara kwa lori au kwa reli. Baadaye ikasimama dukani, pengine rafu ya juu kabisa chini ya taa kali. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10, mabadiliko huenda kasi mara mbili au tatu. Mwaka mmoja kwenye nyuzi 30 unaweza basi kufanya kazi ya miaka minne au zaidi kwenye nyuzi 10. Iliyobebwa ndani ya sanduku la ndege ikaingia kwenye kabati lenye giza siku ya pili yake ina maisha tofauti kabisa, hata kama zilijazwa siku moja. Muulize aliyekupa au aliyekuuzia. Muuzaji mzuri anajua mzigo ulifika lini.

Kisha ishike mbele ya taa ya simu. Kiwango cha bia kikiwa kimeshuka shingoni kuliko kawaida, kuna mahali panavuja. Kutu kwenye kifuniko si tatizo ikiwa iko nje tu, lakini ikiwa na ukoko wa kitu kilichokauka pembeni, ujue hewa imekuwa ikiingia na kutoka. Chupa ya kizibo cha gome iangalie kama kizibo kimesukumwa juu. Mashapo chini ni jambo la kawaida kwa bia iliyokomaa chupani. Mashapo yaliyoshikamana ubavuni yanakuambia kwamba chupa ililazwa ubavu, na kwa bia si desturi nzuri: divai hulazwa ili kizibo kisikauke, bia husimamishwa ili mashapo yatulie chini na ili sehemu inayoguswa na hewa iwe ndogo.

Rangi ya chupa nayo isikupite. Mwanga huvunja uchungu wa hopsi na kutengeneza kemikali ya salfa yenye harufu kama ya kicheche, yule mnyama mdogo mwenye mistari. Chupa ya kahawia hukinga vizuri, ya kijani hukinga kidogo, nyeupe haikingi kitu.

Kama bado hutaki kuifungua

Nairobi haina utamaduni wa nyumba zenye ghala la chini, lakini iko juu, mita 1,795 hivi, na usiku wake ni baridi. Hilo ni bahati. Chagua kabati la ndani, chini kabisa karibu na sakafu, mbali na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Ghorofa ya mwisho chini ya mabati ni mahali pabaya. Juu ya friji ni pabaya zaidi, maana mashine inapumulia joto hapo saa ishirini na nne. Kama una friji ndogo ya ziada, iweke kwenye kiwango cha chini cha ubaridi ifike nyuzi 10 hadi 13. Stima zikipotea saa kadhaa usiwe na wasiwasi. Chupa hubadilika joto polepole, na kinachoumiza ni joto la mfululizo.

Funga chupa kwa gazeti, bandika utepe wa karatasi, andika tarehe uliyoipata na mahali ilipotoka. Basi.

Siku mbili kabla

Simamisha chupa wima ili mashapo yatue. Amua idadi ya wageni. Wanne hadi sita ndio kiasi ninachopenda; wakizidi hapo inakuwa sherehe, na sherehe ni nzuri, ila haihitaji bia ya miaka minane.

Piga hesabu ya kileo mapema. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 12 ina kileo halisi cha mililita 40 hivi. Tusker ya nusu lita ina 21. Chupa ile ndogo, kwa maneno mengine, ni karibu Tusker mbili. Watu sita wakigawana chupa tano za asilimia 11, kila mmoja anapata mililita 275 kwa jioni nzima, sawa na Tusker moja na nusu hivi. Ni kiasi cha kukaa nacho saa tatu bila ulimi kulegea. Hakuna atakayeendesha gari kurudi. Teksi zipangwe kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, si baada ya ya tano.

Sasa vita vya harufu. Nyumba ya Nairobi ina maadui wake. Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo mbaya kuliko zote: ukiiwasha jioni hiyo utaonja dawa ya mbu ndani ya kila glasi, hivyo weka neti madirishani au vumilia. Ubani na udi siku hiyo vipumzike. Jirani akiwasha jiko la mkaa kwenye veranda, funga dirisha la upande wake. Wageni waambiwe waziwazi wasijipake marashi mengi. Halafu kuna sabuni ya vyombo yenye harufu ya limau, ambayo hubaki kwenye glasi na kuua povu. Suuza kwa maji ya moto mara mbili, pindua glasi zikauke zenyewe, usizifute kwa kitambaa kilichokuwa kikipanguza vyombo vya mchuzi.

Glasi za divai nyekundu zinatosha. Unachotaka ni tumbo pana na mdomo uliobana, ili harufu ikusanyike juu. Bilauri ndefu ya baa haifai, na kikombe cha bati ni mzaha. Ukiweza, kila mtu awe na glasi mbili, maana raha ya kazi hii iko katika kulinganisha.

Chakula: mkate mweupe na maji ya kunywa yasiyo na harufu ya klorini. Nyama choma na kachumbari zije baadaye. Pilipili ikishatua ulimini, saa nzima imepotea.

Andaa sahani ya harufu

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ya maana kuliko glasi. Bia iliyozeeka ina harufu nyingi kwa wakati mmoja, na pua isiyo na kitu cha kulinganisha nacho husema tu “tamu” au “kali” ikanyamaza. Tafuta vitu hivi sokoni, vingi utavipata duka la viungo la Ngara au Eastleigh: tende, zabibu kavu, ukwaju, sukari guru, kahawa iliyosagwa, kokoa, karafuu, ndizi iliyoiva sana, asali. Ongeza mchuzi wa soya kidogo kwenye kijiko, na kipande cha kadibodi kilicholowa maji. Kila kimoja kwenye kikombe chake.

Kila mtu avinuse vyote kabla ya bia. Kisha wakati wa kuonja, mtu akikwama, arudi kwenye vikombe anuse tena. Utashangaa jinsi mtu aliyedai hajui bia anavyosema bila kusita, “Hii ni ukwaju.” Na mara nyingi anakuwa sahihi, kwa sababu ukwaju anaujua tangu utotoni kuliko mtaalamu yeyote wa London anavyoujua.

Kufungua

Weka chupa kwenye friji saa moja na nusu hivi, ifike nyuzi 8 hadi 10. Ni baridi kuliko ya kuonjea, lakini kuna sababu. Hewa ya Nairobi inakandamiza kwa nguvu pungufu ya moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa, wakati gesi ndani ya chupa ni ile ile iliyofungiwa huko ilikotoka. Ukifungua ikiwa na joto, povu linapanda kwa haraka na kuvuta mashapo yote pamoja nalo. Baridi huifanya gesi itulie ndani ya bia. Itapata joto lake kwenye glasi, na wewe utaionja ikipanda ngazi.

Fungua juu ya sinki, taulo likiwa limezungushwa chupani. Kifuniko cha bati usikitoe kwa mkupuo: inua ukingo mmoja kidogo, sikiliza. Mlio mfupi ni ishara njema. Ukimya unamaanisha gesi imetoroka, na kwa barliwaini ya miaka kumi hilo si kifo, mara nyingi hutarajiwa. Mlio mrefu wenye hasira na povu linalosukuma unamaanisha kuna kijidudu kilichoendelea kula sukari chupani. Rudisha ukingo, subiri, achia kidogo kidogo.

Chupa iliyofunikwa kwa nta, usianze kuichonga kwa kisu kama unamenya muhogo. Weka opena juu ya nta hiyo hiyo, bana, inua. Nta laini inakubali. Ikiwa ni ngumu, ipashe kwa kitambaa cha maji moto kwanza. Futa vumbi la nta mdomoni mwa chupa kabla ya kumimina. Kizibo cha gome kilichokauka huvunjika: kizungushe taratibu ukikivuta, na kikivunjika, chuja kwa kichungi kisafi cha chai.

Mimina mililita 50 hadi 60 kwa kila mtu, kwa mkono mmoja usiosimama. Yaani inamisha chupa mara moja tu, pita glasi zote zikiwa zimepangwa karibu, uiinue mwishoni. Kila ukiinamisha na kuinua, mashapo yanavurugika. Acha kidole kimoja cha bia chini. Kwa bia za Kibelgiji, mabaki hayo yaonjwe peke yake mwishoni. Kwa barliwaini iliyozeeka sana yana ladha ya mchuzi na sioni faida yake.

Kuonja kwenyewe

Angalia, lakini usikae sana hapo. Bia nyekundu ya shaba inakuwa kahawia na miaka. Povu dogo au kutokuwepo kabisa ni kawaida kwa bia kali ya zamani, kwa sababu protini zinazoshika povu zimeshaanguka.

Nusa kabla ya kunywa, na nusa ikiwa bado baridi. Pumzi fupi mbili, kisha ondoa glasi. Pua huchoka haraka. Ikichoka, nusa mgongo wa mkono wako mwenyewe. Andika maneno matatu ya kwanza bila kuyajadili na jirani, maana mtu wa kwanza kusema “chokoleti” huwafanya wote wasikie chokoleti.

Onja kijiko kimoja hivi. Kizungushe mdomoni, kipite pande zote za ulimi, meza, halafu toa pumzi kupitia puani mdomo ukiwa umefungwa. Ladha nyingi za uzee ziko kwenye pumzi hiyo ya mwisho. Kisha weka glasi chini dakika kumi. Ndiyo, kumi. Rudi tena, na tena baada ya kumi nyingine. Bia ya nyuzi 9 na bia hiyo hiyo ya nyuzi 14 ni vinywaji viwili. Ile ya kwanza inakuficha tende, ya pili inakuonyesha mpaka kokwa.

Haya ndiyo ya kutafuta. Uchungu wa hopsi utakuwa umepungua, na utamu wa kimea umekuja mbele hata kama sukari haijaongezeka. Ni kwamba aliyekuwa akiupinga ameondoka. Tende, zabibu kavu, tini, sukari guru iliyoungua kidogo: hizo ni kazi za oksijeni iliyoingia polepole sana kwenye bia yenye mwili wa kuipokea, na ndiyo sababu ya kungoja. Wanaojua divai ya sheri wataitambua harufu ile ya njugu. Ukali wa kileo unaochoma koo kwenye bia mpya unakuwa umelainika ukageuka joto la kifuani. Kwenye stauti, ladha ya makaa na kahawa hupungua makali na kuelekea kokoa.

Oksijeni hiyo hiyo ikizidi, au ikikuta bia nyepesi, huleta kadibodi iliyolowa. Kumbuka kikombe chako. Kidogo chake katikati ya tende kinavumilika. Kikitawala, bia imepita. Mchuzi wa soya au supu ya nyama ni hamira iliyokufa na kupasuka, ikamwaga yaliyokuwa ndani yake. Wapo wanaopenda dalili yake kwenye stauti nzito. Mimi nikiipata, naanza kufikiria wali. Uchachu wa maziwa lala kwenye bia isiyopaswa kuwa chachu ni bakteria, na ladha ya chuma mara nyingi imetoka kwenye kifuniko kilichooza.

Hizi zote ni aibu kwa bia, si hatari kwa mnywaji: vijidudu vya maradhi kwa kawaida havistawi kwenye bia yenye kileo, hopsi na asidi. Usijilazimishe tu. Sinki ipo.

Weka mpya karibu na ya zamani

Kama kuna hatua moja ya kutumia pesa, ni hii. Nunua chupa mpya ya bia ile ile unayoifungua na uimimine kwenye glasi ya pili. Bila hiyo, unasifu umri kwa kubahatisha. Huwezi kujua kama tende zimeletwa na miaka au zilikuwepo tangu kiwandani, na kwa bia kama Rochefort 10 zilikuwepo tangu siku ya kwanza kwa kiasi kikubwa. Na jitayarishe kwa jibu ambalo wakusanyaji hawalipendi: mara nyingi mezani, kura huenda kwa ile mpya. Kulaza bia huibadilisha. Kuwa bora ni suala la mdomo wako.

Ukiwa na miaka kadhaa ya bia moja, mfano Fuller's Vintage Ale za miaka minne, mimina zote pamoja na unuse zote kabla ya kuonja hata moja. Wengi huanza na changa kwenda kongwe. Kwa bia yenye uchungu mwingi kama Bigfoot nakushauri kinyume chake: anza na kongwe, kwa sababu uchungu wa changa hukwama ulimini na kuifunika ile laini itakayofuata. Kwa stauti na bia za Kibelgiji, changa kwanza ni sawa. Vyovyote, rudi ya kwanza baada ya kumaliza ya mwisho. Maelezo yako ya kwanza yatabadilika.

Baada ya mzunguko wa kwanza leta chakula. Jibini gumu lililokomaa na barliwaini hukaa vizuri, chokoleti chungu na stauti pia. Kwa upande wa nyumbani, jaribu kashata za karanga au tende zenyewe na bia nyeusi ya watawa. Nyama choma yenye chumvi tupu inakubaliana na karibu zote.

Mabaki ya glasi usiyamwage usiku huo. Yafunike kwa kisosi, yaonje asubuhi kwa ncha ya ulimi. Bia iliyofungua harufu zaidi baada ya usiku mzima bado ina miaka mbele yake. Iliyogeuka kadibodi kabla ya kiamsha kinywa ilikuwa ukingoni. Ni kipimo cha haraka cha kuamua hatima ya chupa zilizobaki kabatini. Ukiwa na tatu, na ya kwanza imepita mtihani huo, ipe ya pili miaka miwili. Ikifeli, fungua zote mwezi huu.

Kwa asiye na chupa ya zamani

Unaweza kujifunza ladha ya joto kwa wiki sita na pesa ya bia mbili. Nunua chupa mbili za Guinness ya hapa, yenye asilimia 6.5, kutoka kreti moja na zenye tarehe moja. Moja iingie friji. Nyingine iweke juu ya friji, ndani ya mfuko mweusi ili mwanga usiingilie. Wiki sita zikipita, poza zote mbili sawasawa, mpe mtu mwingine amimine glasi tatu chumba cha pili: mbili za chupa moja na moja ya nyingine, bila kukuambia ipi ni ipi. Nusa, onja, toa ile isiyofanana na wenzake. Ukikosea, panga glasi upya urudie, na safari hii nusa kikombe cha kadibodi kwanza.